Kaya ya Chungu Kimoja

Kuna nchi ambayo mpaka leo haina jina, kwa kuwa kamati ya kuipa jina bado inakaa, na kamati ikikaa katika nchi hiyo huwa imekaa kweli. Raia wake huiita "hapa". Ukimuuliza mtu ametoka wapi, atakujibu, "Nimetoka hapa," na afisa wa uhamiaji atagonga muhuri. Ni nchi njema. Viongozi wake wamelisema hilo mara nyingi mno, hata kubisha ni kukosa adabu.

Mwaka ule serikali ya hapa iliwahurumia wananchi. Iliwaona wamesimama juani nje ya ofisi zake, wazee na mikongojo yao, wajawazito wakipokezana kivuli cha nguzo, ikasikitika sana. Basi ikayaziba madirisha yote ya ofisi kwa matofali. Tangu siku hiyo kila huduma ikahamia kwenye mtandao: kuzaliwa, kuoa, kufa, kuomba maji, kulalamika kwamba maji hayakuja. Foleni zikatoweka siku ileile. Waziri wa Nyaya na Maadili akavishwa nishani kwa kumaliza foleni, na waliokuwa kwenye foleni wakarudi nyumbani na shida zao kama walivyokuja nazo.

Likabaki jambo dogo, dogo kiasi kwamba wakubwa hawakulitaja. Tovuti za serikali hazikufunguka kwa mtandao wa simu za mkononi. Waziri alieleza kuwa serikali si kitu cha kutembea nacho mfukoni pamoja na karanga. Zilifunguka kwa intaneti ya waya wa simu tu, na katika Mtaa wa Mshikamano waya huo uliingia nyumba moja peke yake, nyumba ya Bi Domitila Mkwizu.

*

Bi Domitila alikuwa mjane wa miaka hamsini na saba. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa laini za simu, na kabla hajastaafu aliuvuta waya ule kwa mikono yake, nguzo kwa nguzo, hadi ukutani kwake. Nyumba ilikuwa na vyumba sita na ua mmoja. Kimoja alikaa yeye, vitano walikaa wapangaji. Ruta aliiweka juu ya kabati la vyombo, kando ya sanamu ya Bikira Maria, na kompyuta kuukuu ya marehemu ikakaa mezani chini yake.

Alilelewa na mama ambaye hakuwahi kuwa na kiberiti. Asubuhi mama huyo alitazama ni paa la nani linafuka moshi, akachukua kigae, akaenda kuomba kaa la moto. Hakuna jirani aliyewahi kusema kwamba moto wake utapungua. Kwa hiyo wapangaji walipomwomba Bi Domitila paswedi aliwapa wote bila kumtoza mtu, na alipomaliza kuwapa alitazama juu ya kabati akaona taa zinawaka vilevile.

Aliyeihitaji kuliko wote alikuwa Mwanakheri wa chumba cha nne, mkaanga mihogo, kwa ajili ya binti yake. Binti huyo, Mashavu, alikuwa na miaka saba na tundu kwenye moyo. Akitembea kutoka mlangoni hadi bombani midomo inageuka rangi ya zambarau. Anachuchumaa, anaisubiri pumzi imrudie kama mtu anayemsubiri mgeni asiye na haraka.

Watoto wa moyo walikuwa na foleni yao kwenye tovuti, na kitanda cha upasuaji kilikuwa kimoja kwa wiki. Kila Jumatano saa nne kamili asubuhi jina la kwanza liliitwa, na redio ya taifa ikalitangaza. Mzazi alitakiwa kubonyeza neno NIPO kwenye tovuti ndani ya dakika kumi. Asipobonyeza, mtoto alihesabiwa kuwa amepona, akapongezwa na serikali, akapelekwa mwisho wa foleni, na jina la pili likaitwa. Mashavu alianza akiwa namba mia mbili na kumi na moja. Ilipita miaka mitatu. Sasa alikuwa namba tatu.

"Namba tatu, mama," Mwanakheri alimwambia Bi Domitila, akionyesha vidole kana kwamba mwenzake hajui tatu. "Tatu! Hata uji haupandi, roho iko juu."

"Kunywa uji, mwanangu. Mungu hana mtandao, lakini anasikia."

*

Wakati huohuo Mheshimiwa Rais alikuwa akitazama mpira. Picha ikaganda. Mchezaji alibaki ameinua mguu hewani kwa dakika sita nzima, na kufika dakika ya tatu kamati ilikwisha kuundwa. Kamati ikagundua kwamba wananchi wanagawana mtandao kwa ruta, nyumba moja watu kumi na wawili, hadi umekuwa mwembamba, unafika Ikulu umechoka.

Waziri alilihutubia taifa kwa saa mbili na nusu.

"Ndugu wananchi," alisema, "mtandao ni mchuzi. Ukiongeza walaji, unaongeza maji. Nawauliza: tunataka kuwa taifa la mchuzi wa maji? Tumewapa intaneti, mkaigeuza sadaka! Kuna watu wanampa jirani bila hata kujaza fomu. Huo si ukarimu. Huo ni uhujumu wenye tabasamu."

Sheria ikapita siku hiyohiyo, ikaitwa Waya Mmoja, Kaya Moja. Kifungu cha nne kilisema kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, maana ndivyo ilivyoandikwa kwenye sensa na hakuna aliyetaka kuchosha kalamu. Kifungu cha tisa kilisema kosa la mwanakaya mmoja ni kosa la kaya nzima, na kwamba maneno hayo yasisomwe kwa sauti mbele ya watoto.

Jumatano iliyofuata Mashavu hakuitwa. Aliyekuwa namba moja wiki ile alijibu, na mwingine akachomekwa mahali pake, kwa hiyo watoto waliobaki mbele ya Mashavu walikuwa wawili, kama ilivyokuwa. Namna namba inavyosogea na isivyosogea katika nchi ile ni siri ya taifa. Mchana wa siku hiyo mlango wa ua uligongwa.

*

Aliingia Mkaguzi Daraja la Pili, Bwana Faraji Lusoke, na futi ya kupimia, mfuko wa utepe mwekundu, na konstebo mmoja mwembamba aliyeitwa Nyambita, ambaye aliambiwa asimame mlangoni na akasimama.

"Nani anakaa namba nne?" Lusoke aliuliza.

"Mimi," alisema Mwanakheri.

"Kipimo kinaonyesha mawimbi ya namba moja yako chumbani kwako. Yameingiaje?"

"Sijui, kaka. Mlango ulikuwa wazi."

"Si uyarudishe, mkaguzi," alisema Mzee Shebuge, seremala wa chumba cha pili, bila kuacha kupiga randa. "Umekuja na futi, mfuko unao. Wewe yakusanye tu, sisi hatutasema kitu."

"Mzee, unadhihaki dola?"

"Dola iko wapi? Mimi naona futi."

Lusoke akapanda kiti, akaishika ruta, akatoa utepe. Bi Domitila, ambaye alijifunza kusoma ukubwani katika darasa la jioni na tangu hapo hakuruhusu karatasi yoyote impite, alikuwa ameinunua sheria hiyo kwenye duka la vitabu. Aliisoma yote, kidole chini ya kila neno. Sasa akaileta.

"Baba, kifungu cha nne. Wanaokula chungu kimoja ni kaya moja. Basi sisi tutakula chungu kimoja."

Lusoke akasoma. Akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu. Hakikuwepo.

"Mnaweza," alisema polepole, kama mtu anayeng'olewa jino. "Lakini lazima tuhakiki. Milo kumi na minne mfululizo, kamati ikiwepo. Mpaka hapo ruta imefungwa kwa utepe huu, lakiri ya taifa, na atakayeikata atakuwa ameikata shingo ya nchi."

"Milo kumi na minne inaisha lini?"

Wakahesabu. Mlo wa kwanza ni chakula cha jioni siku ileile. Wa kumi na nne ni chakula cha mchana, Jumatano ijayo, saa saba.

Mwanakheri akakaa chini palepale penye maganda ya mihogo. "Majina yanaitwa saa nne," alisema. "Mkaguzi, ndugu yangu, saa nne."

"Tuhesabu na uji wa asubuhi basi," alisema Bi Domitila. "Tutamaliza mapema."

"Uji hautambuliki kisheria," alisema Lusoke. "Uji unanywewa."

*

Wakaazima sufuria ya harusi, ile ambayo mtu mzima anaweza kuiogea. Wapangaji wa vyumba vitano na mwenye nyumba wao wakaanza kupika pamoja: Mwanakheri na mihogo yake, Bi Domitila na maharage, Mzee Shebuge na kuni za mabaki ya vitanda vya watu. Wenye mfungo na wasio na mfungo, wa sala ya alfajiri na wa misa ya kwanza, wote wakatia mkono mmoja. Na kwa kweli, pasipo kamati, ingekuwa wiki nzuri.

Kamati ilikuwa na watu saba. Kuhakiki kwao kulikuwa kula. Walipakuliwa kwanza, kwa sababu huwezi kuthibitisha chungu ambacho kimeshapunguzwa na raia. Siku ya pili waliandika kwenye taarifa kwamba chumvi haitoshi kuonyesha umoja wa kaya. Siku ya nne waliandika kwamba kaya isiyo na nyama ina mashaka. Mzee Shebuge akamchinja jogoo wake. Baada ya kila mlo walijaza daftari la serikali, jina, sahihi na maneno haya: *Nathibitisha kuwa nimekula chungu hiki.*

Konstebo Nyambita alisimama mlangoni milo yote. Bi Domitila alimpelekea sahani siku ya kwanza.

"Asante, mama," alisema yule kijana, na mkono ukanyanyuka.

"Ulinzi hauli!" Lusoke alipaza sauti toka kwenye jamvi, mdomo umejaa maharage. Mkono ukashuka.

Mashavu alikuwa akiwatazama kutoka kizingitini. Kulikuwa na baridi wiki ile, na baridi haikumpenda. Jumatatu hakufika bombani. Jumanne alibebwa. Bi Domitila alisali rozari yake uani, akijaribu, kama alivyofundishwa, kuwaombea waliomkosea. Alifika kumi la tatu, akamtazama Lusoke akichokonoa meno kwa kijiti, sala ikamkauka mdomoni. Akamwambia Mungu ukweli: leo siwezi, na Wewe unaona kwa nini.

*

Jumatano, saa nne kasoro dakika chache, walikuwa wote uani wakiizunguka redio ya Mzee Shebuge. Kamati ilikuwa imewahi. Ilisema imekuja kuhakiki harufu.

Kengele ya redio ililia. Sauti tamu ya mtangazaji ikasema: "Anaitwa Tumsifu Kalengela, miaka mitano."

Muziki wa taifa ulipigwa kwa dakika kumi. Kisha: "Tumsifu Kalengela hakujibu. Amepona. Serikali inampongeza kwa dhati. Anaitwa Riziki Msabaha, miaka tisa."

Muziki tena. Bi Domitila aligundua kwamba anaomba. Jibu, mtoto wa watu. Jibu, yeyote aliye karibu naye ajibu. Na upande mwingine wa moyo wake palikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiomba asijibu, na alipomsikia mtu huyo aliona haya hadi machozi yakamlenga.

"Riziki Msabaha hakujibu. Amepona. Serikali inampongeza kwa dhati. Anaitwa Mashavu Bakari Hamdu, miaka saba."

Mwanakheri alipiga ukelele.

"Mkaguzi!" alisema Bi Domitila. "Dakika kumi. Fungua."

Lusoke alitazama saa. "Bado mlo mmoja."

"Mtoto huyo hapo. Mtazame. Mtazame, baba, midomo ile!"

"Mama, mimi namwonea huruma, tena sana. Lakini nikifungua kwa huruma, kesho nitafunguaje kwa sheria?" Akawageukia wenzake wa kamati kuona kama wameliandika.

Hapo Bi Domitila, ambaye hakuwahi kuruka mtaro wa jirani bila kuomba ruhusa, aliingia ndani, akapanda kiti, akaiuma lakiri ya taifa kwa meno yake ya mbele. Utepe ulikuwa mgumu. Ukamchana fizi. Akaung'oa, akautema sakafuni pamoja na damu, akaiwasha ruta.

Taa ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka. Ya tatu, taa ya laini, ikaanza kukonyeza. Marehemu mumewe alikuwa akisema taa hiyo haiharakishwi, kwanza inakwenda kumtafuta mwenzake upande wa pili wa waya. Wote walijazana mlangoni wakaitazama, hata kamati. Dakika ya nne inakonyeza. Dakika ya sita inakonyeza. Mashavu alikuwa begani kwa Mzee Shebuge, akivuta pumzi kwa sauti ya randa butu.

Dakika ya nane ikatulia, kijani.

Mwanakheri alibonyeza NIPO kwa nguvu kiasi kwamba kitufe kile cha kompyuta hakikurudi juu tena. Kwenye kioo yakatokea maneno: *Imepokelewa. Mlete mtoto leo.*

"Alhamdulillahi," alisema Mwanakheri, akamchukua mtoto begani kwa Mzee Shebuge.

"Konstebo!" alisema Lusoke. "Mkamate yule mama."

*

Kituo cha polisi kilikuwa nyuma ya ukuta wa ua ule, upande wa mtaa wa pili. Katika nchi ya hapa mtu aliyekamatwa ni lazima aingizwe kwenye mfumo wa mtandao ndani ya saa ishirini na nne. Asipoingizwa hayupo, na asiyekuwepo hafungwi; jambo hilo hata majaji wanaliheshimu, kwa kuwa linapunguza kazi.

Alhamisi asubuhi, saa tatu na robo, Konstebo Nyambita alikuja kwenye nondo, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado." Alijikuna shingo. "Mama, mtandao wetu umekatwa. Tulikuwa tunagawana waya na posta, na mkaguzi akasema polisi na posta hawali chungu kimoja. Sasa kesi yako... Samahani kuuliza. Ile ruta yako si inafika hapa?"

"Inafika vizuri. Mahali uliposimama ndipo hasa."

"Basi utusaidie paswedi. Mara moja tu, tukufungulie mashtaka, kisha tunaifuta."

Katika maisha yake Bi Domitila hakuwahi kumnyima mtu moto.

"Hapana," alisema.

"Mama..."

"Wewe hukula kwangu. Nilikuletea sahani, ukakatazwa. Wewe si wa kaya yangu. Nikikupa nitakuwa nimevunja sheria mara ya pili, na mimi ni raia mwema."

Lusoke aliyekuwa akisikiliza kwenye korido akajitokeza, uso umemwiva. "Mimi nilikula! Milo kumi na mitatu! Nipe mimi."

"Kweli, ulikula. Sahihi zako ziko kwenye daftari." Bi Domitila alisogea hadi nondo zikamgusa paji la uso. "Wewe ni wa kaya yangu kabisa. Paswedi ni haki yako, nakupa sasa hivi. Lakini kifungu cha tisa, baba: kosa la mmoja ni la kaya nzima. Andika jina langu, na chini yake andika lako, na ya wenzako sita. Halafu ingia humu. Nafasi ipo."

Lusoke alirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye nondo.

"Mimi sikula," alisema. "Nilihakiki."

"Basi paswedi si yako."

Nyambita alikuwa akiutazama ukuta kwa bidii, mabega yakimtetema. Saa ya kituo ikatembea. Ilipofika saa nne na nusu alichukua funguo bila kumwuliza mtu.

"Mama, huku ndani hakuna mtu," alisema. "Itabidi utoke."

*

Mashavu alipasuliwa Ijumaa. Jumapili aliomba muhogo wa kukaanga, na manesi wakamwita mama yake aje amwone anavyofoka akinyimwa. Mtaa wa Mshikamano ulipiga vigelegele. Waziri alitangaza kuwa upasuaji huo ni tunda la Sheria ya Waya Mmoja.

Bi Domitila hakupiga kigelegele. Alikwenda misa, akarudi, akakaa mbele ya kompyuta, akalitafuta jina la kwanza lililoitwa redioni, herufi kwa herufi. Anwani ilikuwepo. Akavaa kanga yake na viatu vya safari.

Nyumba ya Tumsifu Kalengela ilikuwa upande wa pili wa mji, chumba cha nyuma katika ua wenye vyumba tisa. Mwanamke kijana alitoka akijifuta mikono. Nyuma yake, juu ya rafu, paliwekwa ruta iliyofungwa utepe mwekundu mara tatu, na chini ya rafu mtoto mdogo alikuwa amechuchumaa, akisubiri pumzi.

Yule mwanamke alimtazama mgeni kutoka viatuni hadi usoni.

"Wewe ni wa serikali?" aliuliza. "Mmekuja kutupongeza?"

"Hapana, mwanangu."

"Jina letu limerudi mwisho. Mia mbili na tisini na nane."

"Najua," alisema Bi Domitila, akavua viatu, akaingia. "Una mkasi?"